Stika ya bajaji, njia moja, na waliokufa kabla ya 1868

Kuna bajaji moja inapiga ruti za stendi na Mji Mkongwe hapa Bagamoyo, nyuma imebandikwa stika kubwa, YOHANA 14:6, MIMI NDIMI NJIA. Siku moja nimepanda na mzee mmoja wa kanzu na kofia ya viua, tulipofika karibu na soko la samaki mzee akashuka, akazunguka kwa nyuma, akaisoma ile stika taratibu kama mtu anasoma barua ya mirathi, halafu akamuuliza dereva kwa upole tu, "Mwanangu, sasa sisi wengine tunaenda wapi?" Dogo akacheka cheka, akatafuta chenji muda mrefu kuliko kawaida, mwisho akasema, "Mzee wangu mi nimeikuta tu hiyo, bajaji ya bosi." Tukacheka wote, mzee akaenda zake kununua samaki.

Ila swali nikabaki nalo mimi. Mi ni Mkatoliki wa kuzaliwa, bibi yangu mzaa mama alikuwa Mwislamu mpaka anaingia kaburini, na familia za hivi kwenye mji huu wala si habari mpya, Idi tunakula kwao, Krismasi wanakula kwetu, msiba tunachanganyika. Kwa hiyo mtu akisema kuna njia moja tu ya kwenda kwa Mungu, kwangu hiyo si mada ya mihadhara, ni habari ya bibi yangu. Nimesoma soma sana hii ishu kwa miaka, na nilichogundua ni kwamba watu wengi wanaogombana juu yake, Wakristo kwa Waislamu na hata Wakristo wenyewe kwa wenyewe, wanabishania vitu tofauti wakidhani ni kitu kimoja. Ni maswali matatu yamefungwa kwenye pindo moja la kanga. La kwanza, nani anayeokoa? La pili, lazima umjue huyo kwa jina ndo akuokoe? La tatu, lazima uwe ndani ya kanisa, na kanisa lenyewe la nani? Mtu anaweza kujibu ndiyo kwenye la kwanza na hapana kwenye la pili na bado akawa Mkristo mzuri tu asiye na kona kona.

Tuanze na mstari wenyewe maana unabandikwa sana kuliko unavyosomwa. Ni usiku wa mwisho, wako mezani, Yesu anawaambia wanafunzi anaondoka, nyumbani mwa Baba yake mna makao mengi, na wao njia wanaijua. Tomaso, ambaye kwa kweli ndo mtu pekee pale anayeuliza maswali ya maana, anamkatisha, Bwana sisi hatujui uendako, njia tutaijuaje? Ndo anajibiwa: "Mimi ndimi njia, na kweli, na uzima, mtu haji kwa Baba, ila kwa njia ya mimi." Angalia nani anaambiwa. Ni mtu aliyeogopa kuachwa. Hakuna mtu pale aliyeuliza habari ya dini za watu wengine, Uislamu wenyewe ulikuwa bado karne sita mbele. Yani ni maneno ya kumtuliza rafiki, sisi tumeyafanya kibao cha getini.

Na Kiswahili hapo kimetufanyia kitu kizuri. "Kwa njia ya" kwetu si barabara peke yake, ni namna pia, tunasema nimetuma hela kwa njia ya simu, na hakuna anayeuliza hiyo njia ina lami au vumbi. Kwa hiyo ukisoma "ila kwa njia ya mimi" unaweza kusikia barabara unayotakiwa uione na uikanyage mwenyewe, au ukasikia kwamba yeyote atakayefika, yeye Yesu ndo atakuwa amemfikisha. Ugomvi karibu wote uko hapo katikati ya hizo maana mbili.

Lakini tusidanganyane. Wapo wanaotumia huo muktadha wa mezani kuyeyusha kabisa dai lenyewe, wanasema Yesu alikuwa anafariji tu basi yaishe. Haliyeyuki. Petro kwenye Matendo 4:12 yuko mbele ya baraza, si mezani na marafiki, na anasema hapana jina jingine chini ya mbingu walilopewa wanadamu litupasalo sisi kuokolewa kwalo. Paulo anamwandikia Timotheo kwamba Mungu ni mmoja na mpatanishi ni mmoja. Hata kabla hawajaitwa Wakristo watu hawa kwenye Matendo ya Mitume wanaitwa watu wa Njia, Njia kwa herufi kubwa, na si njia mojawapo. Na ndani yake kuna hesabu ambayo huwezi kuiruka. Paulo anaisema kwa Wagalatia, kama haki ingepatikana kwa njia ya sheria, basi Kristo alikufa bure. Ukishaamini kwamba Mungu mwenyewe alikuja akafa msalabani ili watu waokolewe, ni ngumu sana kusema halafu kulikuwa na njia nyingine tano za bei rahisi pembeni. Kwa hiyo Mkristo anayeshikilia njia moja si lazima awe na kiburi, imani yake ndo imejengwa hivyo, ukiutoa huo msumari nyumba yote inalegea.

Sasa swali la pili ndo lenye moto. Na hapa ndo nataka twende ufukweni.

Pale misheni ya Bagamoyo, upande wa baharini, kuna msalaba unaokumbusha mwaka 1868, Mapadre wa Roho Mtakatifu walipovuka kutoka Zanzibar na Padre Antoine Horner wakaanza misheni. Watalii wakija wanaelezwa zaidi habari ya maiti ya Livingstone iliyolala pale mwaka 1874 baada ya kina Susi na Chuma kuibeba kutoka bara, sawa, ni stori kubwa. Mimi nikisimama pale kinachonijia kichwani ni mwaka 1867. Yani bibi mmoja wa Kizaramo au Kikwere, mtu mwema, analea yatima, hajawahi kudhulumu mtu, kafariki 1867, mwaka mmoja kabla. Paulo anauliza kwenye Warumi 10, wamwaminije yeye wasiyemsikia, na wamsikieje pasipo mhubiri? Mhubiri alikuwa bado hajapanda jahazi. Huyo bibi kakosa nini?

Usidhani hili swali ni la kisasa, la watu waliosoma wakalegea. Mmisionari Mjesuiti Francis Xavier alifika Japani 1549, akahubiri, watu wakabatizwa, halafu wakamuuliza habari ya wazazi wao na mababu waliokwisha kufa. Akawaambia hakuna namna, walioko motoni hawatoki. Kwenye barua zake anaeleza jinsi walivyolia, na yeye mwenyewe akaumia kuwaona rafiki zake wanalia hivyo. Mi hiyo sehemu sijawahi kuisoma nikaivuka haraka. Hao hawakuwa wapinzani wa imani, ni watu walioipokea, na furaha yao ikaja na msiba ndani yake.

Xavier alikuwa anajibu kwa kilichofundishwa zama zake. Kuna ule msemo, nje ya Kanisa hakuna wokovu, watu wanaurusha kama jiwe bila kujua ulitokea wapi. Unatokana na Sipriani, askofu wa Karthago, Afrika hii hii upande wa kaskazini, karne ya tatu. Na aliokuwa anawasema ni watu waliokuwa ndani wakajitenga wakaanzisha vikundi vyao. Alikuwa anagombeza wanaotoka, habari ya wasiowahi kuingia haikuwa mezani. Karibu miaka mia moja kabla yake Yustino, ambaye alikuja kuuawa kwa imani yake, alikuwa ameshaandika kwamba Neno wa Mungu kapanda mbegu zake kila mahali, na watu kama Sokrate, yule mwanafalsafa Mgiriki, walioishi kwa hilo Neno ni Wakristo japo walizaliwa kabla. Ila baadaye Ulaya karibu yote ikawa ya Kikristo, watu wakajiaminisha kwamba dunia nzima imeshasikia na asiyeamini amekataa kwa makusudi, ule msemo ukakazwa kama kamba ya ng'ombe. Papa Bonifasi wa Nane mwaka 1302 akatangaza kuwa chini ya Papa ni sharti la wokovu. Mtaguso wa Firenze, yani mkutano mkuu wa maaskofu, 1442 ukasema wapagani, Wayahudi, wazushi na waliojitenga wanakwenda kwenye moto wa milele wasipojiunga kabla ya kufa. Waziwazi namna hiyo.

Halafu 1492 ikatokea Amerika. Bara zima la watu ambao hawajawahi kusikia jina hilo hata kwa fununu. Ile hesabu ya kwamba kila mtu ameshasikia ikavunjika, na kule Salamanca, Hispania, mwanateolojia Francisco de Vitoria akafundisha jambo ambalo mpaka leo naliona kubwa, kwamba wale wenyeji hawana kosa la kutoamini mpaka imani iwafikie kwa namna inayoaminika, sio kwa kutangaziwa tu na watu wanaowaibia na kuwaua. Yani kuhubiriwa na mtu aliyekushikia mtutu si kuhubiriwa.

Na kabla Waislamu wa kijiweni hawajatucheka, na kwao fundo ni hilo hilo. Sura ya Al-Imran inasema anayetafuta dini isiyokuwa Uislamu haitakubaliwa kwake, hiyo nayo ni njia moja, na kila siku kwenye swala wanaomba waongozwe kwenye njia iliyonyooka, si njia zilizonyooka. Lakini Qurani hiyo hiyo inasema Mwenyezi Mungu haadhibu mpaka apeleke mtume, na Imam Ghazali aliyefariki 1111 akaandika kwamba wasiofikiwa kabisa na habari za Mtume, au waliofikiwa na habari zilizopotoshwa, wana udhuru. Vitoria na Ghazali wamepishana karne nne, dini mbili, na wamefikia karibu pale pale. Mji wetu wenyewe una njia mbili zilizokaa jirani, maana twarika, yani chama cha ibada cha kisufi, kwa Kiarabu ndo hiyo hiyo njia, na Bagamoyo ni mji wa twarika ya Kadiria, mji wa Sheikh Ramiya, mtu aliyeletwa huku akiwa mtumwa kutoka bara upande wa Kongo, akawa huru, akawa sheikh mkubwa, watu mpaka leo wanakuja ziara. Kule misheni nako walikuwepo watoto waliotoka kwenye minyororo ile ile. Biashara moja ya watumwa, wengine wakaishia kwenye twarika, wengine kwenye Njia ya Yohana, na nani aliishia wapi ilitegemea sana nani alimnunua. Kaa na hilo kidogo kabla hujamhukumu mtu kwa dini aliyokutwa nayo.

Hao watoto ndo walinifumbua macho. Mapadre walikuwa wanakomboa watumwa, hasa watoto, kwenye soko la Zanzibar, na sehemu ya hela ilitoka kwa michango ya Wakatoliki Ulaya, watoto wa Ufaransa wakichanga senti zao kupitia Shirika la Utoto Mtakatifu. Neno letu Mkombozi halikuwa lugha ya kanisani tu hapa, kukomboa ilikuwa unamuona mtu analipiwa anafunguliwa. Sasa chukua mtoto mmoja wa miaka saba. Hajui Ufaransa ni nini, hajui nani kachanga, hajui kama kuna shirika. Kakombolewa au hajakombolewa? Kakombolewa. Na aliyemlipia ni yule yule, awe anamjua au hamjui, hela haikubadilika mwenyewe kwa sababu mtoto hajui jina. Ndo hivyo upande mmoja wa Wakristo wanavyosema: Mkombozi ni mmoja, njia ni moja, na bibi wa 1867 kama kafika basi kafikishwa na Kristo, japo jina lake alilisikia kule kule alikofika.

Hapo ndo Kanisa Katoliki liliposimama leo. Mtaguso wa Vatikano wa Pili, mwaka 1964 kwenye hati yake ya Kanisa, umesema wasioijua Injili pasipo kosa lao wenyewe, lakini wanamtafuta Mungu kwa moyo mnyofu na kujitahidi kufuata dhamiri yao, wanaweza kuupata wokovu. Mwaka uliofuata ikaja hati ya dini nyingine, Kanisa halikatai lolote lililo kweli na takatifu ndani yake, na Waislamu wakatajwa kwa heshima. Ila watu husoma hizo sentensi wakaishia hapo, hati hiyo hiyo inasema Kanisa lazima limtangaze Kristo aliye njia, kweli na uzima, na ile ya kwanza inaonya kwamba anayejua kabisa Kanisa ni la lazima akakataa kwa makusudi, huyo hawezi kuokoka. Mlango wa swali la pili umefunguliwa, la kwanza halijaguswa. Kuna kituko kimoja hapa lazima nikiseme, padre mmoja wa Boston anaitwa Leonard Feeney aliushika ule msemo wa nje ya Kanisa hakuna wokovu kwa ukali kiasi cha kukataa maelezo ya Roma, na alipokataa wito wa Roma, mwaka 1953 akatengwa na Kanisa. Yani mtu anasema walioko nje hawaokoki, akajikuta nje. Alipatanishwa baadaye, 1972, kwa hiyo tumwache apumzike.

Ndugu zetu walokole na Waprotestanti wengi wa kiinjili hawaendi mpaka huko, na hoja yao si ya kudharau. Wanasema sawa, mtoto wa Zanzibar hakujua mlipaji, lakini wokovu si risiti, ni uhusiano, na huwezi kuwa na uhusiano na mtu usiyemjua. Tena kama watu wanaokoka bila kusikia, mitume walikwenda kufa ugenini kwa ajili ya nini, na wale mapadre waliojaa makaburini pale misheni, wengi vijana, homa iliwaua kwa ajili ya nini? Tamko la Lausanne la 1974, la Wakristo wa kiinjili wenyewe, linasema hivyo kwa ufupi, watu wote wana ujuzi fulani wa Mungu kupitia uumbaji, lakini ujuzi huo hauokoi. Mimi hiyo ya makaburi inanigusa. Jibu ninalopenda ni Kornelio wa Matendo 10, mtu wa sala na sadaka asiye Mkristo wala Myahudi, malaika anamwambia sala zako zimefika, na bado anaambiwa mwite Petro. Sala zilikuwa zimeshafika KABLA Petro hajafika. Na Petro bado alitakiwa aje. Wanaosema mhubiri hana kazi na wanaosema bila mhubiri Mungu hana kazi, wote hapo wanabanwa.

Kuna kundi la tatu, lile la njia zote zinafika. Mwingereza John Hick ndo anatajwa sana, miaka ya sabini aliandika kwamba kama vile zamani watu walidhani jua linaizunguka dunia, Wakristo wamedhani dini zote zinamzunguka Kristo, kumbe zote pamoja na Ukristo zinamzunguka Mungu. Kwa lugha ya hapa, Dar unafika ukipitia Bunju, na unafika ukizunguka Msata na Chalinze, mwendo tu ndo tofauti. Inapendeza, inaleta amani kijiweni, na mi nilikaa nayo miaka kadhaa. Nilichoka nayo kwa sababu moja, wasafiri wenyewe hawasemi wanaenda Dar. Mbudha anatafuta nirvana, Mwislamu pepo na radhi za Mola, Mkristo kuungana na Baba kwa Mwana. Ukiwaambia wote mnaenda Dar ila hamjijui, unajifanya wewe ndo umepanda juu umeiona ramani nzima. Ile hadithi ya vipofu na tembo ndo hivyo hivyo, askofu Lesslie Newbigin aliyefanya kazi India miaka mingi aliiona kasoro yake: ili ujue kila kipofu kashika kipande, lazima kuwe na mtu anayemuona tembo mzima, na msimuliaji kila mara ni yeye.

Ila na upande wangu una mwiba, nilichomwa nao na binamu yangu. Mwanateolojia Karl Rahner aliwaita watu wema wa dini nyingine Wakristo wasiojijua, nikamwelezea binamu nikidhani nampa zawadi. Akaniangalia. "Kwa hiyo swala zangu zote hizi nakuswalia wewe?" Halafu akanipiga na yake, kwamba kwao kila mtoto anazaliwa katika fitra, yani ile asili ya kumwelekea Mungu, wazazi ndo wanamgeuza, kwa hiyo mimi ndo Mwislamu nisiyejijua. Tukabaki tumetoshana, kila mmoja kamsajili mwenzie bila ruhusa. Tangu siku hiyo hilo neno la Rahner silitumii, wazo nimelibakisha, jina nimeliacha.

Swali la tatu, la kanisa la nani, nalipita haraka, maana ukiwakuta Wakristo wanaambiana ninyi wa maji mengi, ninyi wa maji kidogo, nani kaokoka nani hajaokoka, hapo mara nyingi ni ushindani wa viti tu.

Bibi alipofariki nilimfuata padre mmoja baada ya misa, nikamuuliza naruhusiwa kumwombea? Akaniuliza na yeye, kwani nani kakukataza. Halafu akanitajia kitu nilichokuwa nasikia tangu mtoto bila kusikia. Ile Sala ya Ekaristi ya Nne, moja ya sala kuu padre anazoweza kuchagua kwenye misa, mahali pa kuwakumbuka marehemu, inawataja waliokufa katika amani ya Kristo, kisha inaongeza na marehemu wote ambao imani yao Mungu peke yake aliijua. Mapadre wengi wanaikwepa hiyo sala kwa sababu ni ndefu, na Jumapili ikitokea padre kaichagua utaona watu wanaanza kuangalia saa na watoto wanalia. Mi siku hiyo natulia, nasubiri huo mstari upite, na ukipita namtaja bibi kwa jina lake lote, Bi fulani binti fulani, kama alivyokuwa anajitaja mwenyewe.